Nyumba Mbili za Qi Baishi

Ukiuliza Beijing nyumba ya Qi Baishi, mchoraji mkubwa wa China, iko wapi, watakuelekeza Yu'er Hutong namba 13; hutong ni kichochoro cha zamani cha mji huo. Kufika si kazi. Unashuka treni ya chini ya ardhi kwenye stesheni ya Nanluoguxiang, unashika njia ya watalii inayoelekea kaskazini, na kichochoro cha tatu mkono wa kushoto ndicho chenyewe. Ukishakunja, kelele za wauza vitafunwa zinabaki nyuma. Unakutana na kuta za matofali ya kijivu, kisha lango, na ndani ya lango majengo manne yaliyouzunguka ua wa mraba, yote yameelekeza uso uani na kuipa njia mgongo. Ndivyo watu wa Beijing walivyojenga nyumba zao kwa karne nyingi.

Nilikwenda nikiwa na deni la miaka. Nilipokuwa mdogo, sebuleni kwa mjomba palikuwa na kalenda ya Kichina, na mwezi mmojawapo ulikuwa na picha ya kamba, wale wa kuliwa, waliochorwa kwa wino mweusi mtupu. Maji hayakuchorwa popote. Nami niliyaona maji. Mwezi ulipokwisha mjomba alitaka kufunua ukurasa, nikamsihi auache, na ukabaki hivyo mpaka mwaka ukaisha. Sikujua jina la mchoraji. Nilikuja kulijua ukubwani, na tangu hapo nilitaka kusimama mahali aliposimama yeye akichora.

Yu'er Hutong pamehifadhiwa vizuri, na ninalisema hilo kwa moyo mweupe. Ua umefagiwa, mbao zimepakwa rangi, kuna sanamu ya mzee mwenye ndevu ndefu na mkongojo. Jengo la kaskazini, lile linalopata jua, limepangwa lionekane kama palipokuwa makazi yake: meza ya kuchorea, brashi, jiwe la kusagia wino, viti vya kupokea wageni. Watu wanapita taratibu, wanasema kwa sauti ya chini. Shida yangu ni moja tu. Qi Baishi aliishi katika nyumba hii miezi michache, kisha akaomba arudishwe kwake.

Nyumba ya Yu'er ilitolewa na Wizara ya Utamaduni mwaka 1955, mzee akiwa na umri wa miaka 91. Ilikuwa zawadi ya heshima kubwa. Miaka miwili kabla alikuwa amepewa hadhi ya Msanii wa Watu, na serikali iliona mtu wa daraja hiyo anastahili makao mapana na tulivu. Alihamia, akashukuru, halafu akawa hana raha. Aliwakumbuka watoto na wajukuu, aliukumbuka ua wake. Mwaka 1956 akarudi alikotoka, Kuache Hutong, upande wa magharibi wa mji, na huko ndiko alikokuwa anaishi alipofariki tarehe 16 Septemba 1957. Yu'er ikaja kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, ikiwa chini ya Chuo cha Uchoraji cha Beijing, ambacho yeye alikuwa rais wake wa heshima kilipoanzishwa mwaka ule ule wa kifo chake.

Kwa hiyo mji una nyumba mbili zinazobeba jina lake. Ile aliyoishi miezi ina milango wazi. Ile aliyoishi miaka 30 imefungwa.

Kuache nilikwenda mchana wa siku hiyo hiyo. Unashukia Lingjing Hutong, unatembea kuelekea magharibi, na huwezi kuipotea, kwa sababu hakuna nyumba nyingine ya kuichanganya nayo. Mtaa wa zamani umeondoka wote. Kilichobaki ni nyumba moja ya matofali ya kijivu, fupi kuliko miti, imesimama peke yake katikati ya maghorofa ya mabenki na ofisi. Iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa mji mwaka 1984, na orodha hiyo ndiyo iliyoiokoa matingatinga yalipopita. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwa miaka mingi wamekaa humo watu wa ukoo wake, na makazi ya watu hayageuki makumbusho kwa sababu tu mpita njia kama mimi ametoka mbali. Nilisimama upande wa pili wa njia nikautazama ule mlango kwa muda mrefu, na ndipo nilipoanza kumwelewa mzee huyu vizuri kuliko nilivyomwelewa asubuhi mbele ya meza yake.

Maana mlango wa Kuache ulikuwa unasema. Ili kusikia ulichosema, lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye pesa.

Qi Baishi alizaliwa tarehe 1 Januari 1864 katika familia ya wakulima maskini wilayani Xiangtan, mkoa wa Hunan. Alikuwa mtoto wa maradhi maradhi. Shule aliisoma kwa muda usiofika mwaka, jembe likamshinda kwa sababu ya udhaifu wa mwili, wazee wakaamua afundishwe useremala. Katika kumbukumbu zake alisimulia jambo lililotokea siku hizo. Alikuwa anarudi kazini na fundi wake, wakakutana na watu watatu waliobeba zana za useremala vilevile. Fundi wake akasimama kando ya njia, mikono chini, akawapisha kwa adabu kubwa. Wale wakapita bila hata kugeuza shingo. Kijana akauliza: si maseremala kama sisi hawa? Akajibiwa kwamba hapana. Sisi ni wa kazi kubwa, ya paa na nguzo, na wale ni wa kazi ndogo, ya nakshi, na kazi ile haipati kila mkono. Maneno hayo yalimchoma. Akahamia kwa fundi wa nakshi, Zhou Zhimei, na kwa miaka mingi akazunguka vijijini akichonga vitanda vya maharusi, akijulikana kama Zhi seremala.

Vitanda hivyo ndivyo vilivyomfikisha kwenye karatasi. Akiwa na miaka kama 20 aliona kwa mteja kitabu cha mafunzo ya uchoraji, akakiazima, akakaa nacho karibu nusu mwaka akikinakili picha moja moja usiku, chini ya taa, ili apate mitindo mipya ya kuchonga. Hata alipokuwa mchoraji mwenye jina, mihuri aliyoipiga kwenye picha zake ilimtaja kuwa mtu wa mbao, au mwanafunzi wa Lu Ban, yule ambaye maseremala wa China humhesabu babu wa kazi yao. Wachoraji wenzake wa tabaka la wasomi walichora bila kutaja bei, kwani kwao kuuza ilikuwa aibu. Yeye alikuwa fundi. Kiswahili kinalo neno hili, na sidhani liko jingine linalomkaa vizuri zaidi. Fundi humwambia mteja kazi hii itagharimu kiasi gani, na haoni kosa.

Mwaka 1917 alikimbilia Beijing kwa sababu ya ujambazi uliokuwa umeenea kwao Hunan, na mwaka 1919 akahamia moja kwa moja. Alikuwa na miaka 55, na Beijing haikumtaka. Alichora kwa mkono mkavu wa kizamani, akifuata njia ya Bada Shanren, mchoraji wa karne ya 17. Mchoro kwenye kipepeo cha kujipepea aliuuza sarafu 2 za fedha, nusu ya bei ya wachoraji wengine wa mji, na hata kwa bei hiyo ni wachache waliobisha hodi. Rafiki yake Chen Shizeng alimwambia aache kutembea katika nyayo za watu na atafute njia yake. Mzee wa karibu miaka 60 akafungua upya kila alichokijua. Maua yakawa mekundu ya kuwaka, majani yakawa wino mweusi mzito, na juu ya tawi akaweka mdudu aliyechorwa kwa uangalifu mpaka mishipa ya mbawa inahesabika.

Mwaka 1922 Chen alichukua michoro hiyo kwenye maonyesho Tokyo. Yote ikauzwa. Picha ya maua ilikwenda kwa sarafu 100 za fedha, picha ya mandhari ya kipande kidogo tu cha karatasi ikafika 250. Habari ziliporudi Beijing, wale waliokuwa wakimpita kama wachonga nakshi walivyompita fundi wake wakaanza kumtafuta. Miaka minne baadaye, 1926, alinunua nyumba ya Kuache.

Ndiyo maana nasema nyumba ile imejengwa kwa bei. Matofali yake ni maua ya Tokyo. Na alipoingia, aliipanga kama karakana yenye duka mbele. Vyumba vitatu vya kaskazini alivifunga pau za chuma kwa nje, kwa kuhofia wezi na vurugu za miaka ile. Funguo zilikaa kiunoni mwake. Uani alikuwa na mzabibu, akapanda mamumunye na madodoki, na ukizitazama picha zake za miaka ya 1930 na 1940 utayakuta madodoki hayo hayo. Mezani aliweka bakuli la maji lenye kamba hai. Aliwatazama kwa miaka, akawapunguza: miguu minane ikawa sita, sita ikawa mitano, na kadiri alivyotoa ndivyo walivyozidi kuogelea. Alipita miaka 60 ndipo kamba wake wakaanza kuwa na uhai, na alipokaribia 80 ndipo wakawa wale wa kalenda ya mjomba. Mtu haji kuyapata mambo haya kwa kipaji tu. Anayapata kwa kukaa na bakuli moja, kwenye meza moja, mahali pamoja, miaka 30.

Na ukutani, mahali ambapo mgeni hawezi kusema hakuona, alitundika orodha ya bei. Picha zilihesabiwa kwa ukubwa wa karatasi. Ukitaka ndege au mdudu juu ya maua, kila mmoja alikuwa na bei yake ya kuongeza. Nyuki kwenye tawi, kila nyuki kwa hesabu yake. Na maombi ya kupunguziwa hakuyapenda kuyasikia. Wapo waliomwita bahili kwa hilo, na wapo hadi leo wanaosimulia visa vya ubahili wake kama vichekesho. Mimi naona wamekosea. Mtu aliyewahi kuchonga kitanda kwa siku kadhaa, halafu akalipwa kwa mkono wa kudharau, anajua kwamba bei iliyoandikwa ukutani ni kinga. Mbele ya ile orodha tajiri na karani walisimama sawa. Hakuna aliyepata kwa cheo, wala hakuna aliyelazimika kujidhalilisha.

Nguvu ya mlango ule ilionekana zaidi Wajapani walipoikalia Beijing mwaka 1937. Alijiuzulu ualimu katika vyuo vya sanaa, kazi aliyokuwa ameingizwa kwa kubembelezwa sana, kwanza na mchoraji Lin Fengmian na baadaye na mchoraji Xu Beihong. Mlangoni akabandika tangazo kwamba ugonjwa wa moyo umemrudia, hapokei wageni. Mwaka 1940 akabandika jingine lililo wazi zaidi. Liliwaambia maofisa, wa China na wa nje, kwamba wakitaka picha watume mtu, wasije wenyewe, kwani tangu zamani mkubwa wa serikali haingii nyumbani kwa raia, na akiingia mwenye nyumba hupata madhara. Mwaka 1943 aliandika kwamba ameacha kuuza picha kabisa. Mtu aliyeishi kwa kuuza, mwenye watu wengi wa kulisha, akaiziba njia ya riziki yake kwa karatasi moja. Mwaka uliofuata chuo cha sanaa kikamwita akachukue mgao wa makaa ya mawe, kitu adimu katika baridi ya miaka ya vita. Akaurudisha ule waraka, akieleza kwamba yeye si mwalimu wao tena.

Orodha ya bei ndani na matangazo nje vilitoka kwenye mkono mmoja na fikra moja. Aliyeweza kusema bei yangu ni hii ndiye aliyeweza pia kusema leo siuzi.

Haya ndiyo niliyoyakosa Yu'er asubuhi ile, na sidhani ni kosa la wanaoitunza. Nyumba ya zawadi haiwezi kusimulia habari ya mtu aliyejinunulia nyumba. Inaweza kumwonyesha akiwa mzee mwenye heshima, amekaa katikati ya ua mpana, na picha hiyo ni ya kweli kwa miezi ile. Lakini makumbusho mengi ya wasanii, popote duniani, yana tabia ya kuondoa pesa chumbani kabla ya kumkaribisha mgeni. Yanatuachia brashi, miwani, kikombe cha chai. Mapato, madeni, wateja wasumbufu na hesabu za mwisho wa mwezi huondolewa kana kwamba vingemchafua. Matokeo yake kijana anayetaka kuchora anatoka pale akiamini kwamba sanaa hutoka kwenye utulivu. Kwa Qi Baishi ilitoka kwenye nyumba yenye watoto, funguo, pau za chuma na mteja anayesubiri uani.

Beijing ina mfano mwingine unaonitia huzuni zaidi. Xu Beihong, aliyejulikana kwa michoro yake ya farasi, alifariki mwaka 1953. Mjane wake, Liao Jingwen, alilikabidhi taifa nyumba pamoja na michoro zaidi ya 1,200, na mwaka uliofuata nyumba hiyo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Katika miaka ya 1960 ilibomolewa kupisha ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Jengo jipya lilikuja kujengwa mahali pengine, Xinjiekou, na humo chumba chake cha kuchorea kikapangwa upya. Farasi wapo, wanaendelea kukimbia. Chumba ni kumbukumbu ya chumba. Kuache ilikuwa na kila sababu ya kupatwa na hayo hayo, kwa ardhi ya thamani ile, na haikupatwa. Kwa hilo nashukuru hata kama sikuingia.

Kuna watakaosema ifunguliwe. Nimesikia hoja yao na naielewa: nyumba iliyozungukwa na maghorofa namna hii inakufa polepole, na jina kubwa lingeiletea matengenezo. Mimi nasitasita. Nikikumbuka tangazo la 1940, naona kwamba mwenye nyumba aliweka wazi anavyofikiri juu ya nani aingie na nani abaki nje. Wenye haki ya kufungua ni wa ukoo wake, na wasipotaka, basi. Sisi wengine tunayo picha, na picha alizitengeneza ziende kwa watu. Nyumba alijitengenezea mwenyewe.

Nisichoweza kukinyamazia ni bei ilivyorudi baada yake. Desemba 2017, kwenye mnada hapo hapo Beijing, seti ya michoro 12 ya mandhari aliyoichora mwaka 1925 iliuzwa kwa yuan milioni 931.5, zaidi ya dola milioni 140 za Marekani. Ndiyo kazi ya kwanza ya msanii wa Kichina kuvuka dola milioni 100 mnadani. Aliichora mwaka mmoja kabla ya kununua nyumba ya Kuache. Seti ile ilichorwa kwa ajili ya tabibu mmoja wa mji ule, katika miaka ambayo picha zake za mandhari wengi hawakuzithamini hata kidogo. Kwenye mnada ule karani asingeweza kusimama ubavuni mwa tajiri, kama walivyosimama mbele ya orodha yake ya ukutani. Sasa anahesabiwa kwa namna ambayo hana sauti ndani yake, wala hana mlango wa kubandika tangazo.

Mzee mwenyewe alifundisha kwamba uzuri wa picha unakaa kati ya kufanana na kutofanana. Ikifanana mno inawabembeleza watu, isipofanana kabisa inawadanganya. Nimelifikiria neno hilo nikizilinganisha nyumba zake. Yu'er inafanana mno na tunavyotaka msanii mkubwa awe ameishi. Kuache, kwa mtu asiyejua, haifanani na chochote: ukuta, vigae, mlango.

Ninalo ombi moja kwa wanaotunza majina haya. Pale Kuache mlango uachwe ulivyo. Lakini kwenye ukuta wa nje, upande wa njia, paandikwe upya ile orodha yake ya bei, kwa herufi kubwa, pamoja na nyuki mmoja mmoja na kile kifungu cha kutopunguza. Wafanyakazi wa mabenki hupita hapo kila mchana wakienda kula. Niliwaona siku ile, mamia yao, wanaipita nyumba bila kuitazama. Wangepata cha kusoma.